Katuni Zilizoitangulia Televisheni Kanda ya Ziwa

Tarehe 1 Aprili 2001 familia ya Simpson ilitua Tanzania. Homer alikuta twiga wa dhahabu ndani ya boksi kuukuu la biskuti za wanyama, na zawadi yake ikawa safari ya bure ya Afrika kwa nyumba nzima: yeye, mkewe Marge, na watoto wao Bart, Lisa na Maggie. Mwenyeji aliyewazungusha aliitwa Kitenge. Walifika Ngorongoro, wakakaribishwa na Wamasai, wakakimbizwa na kiboko, wakaparamia ngao wakaifanya mtumbwi, na ngao ikaporomoka nao kwenye Maporomoko ya Victoria, ambayo yako mto Zambezi, baina ya Zambia na Zimbabwe. Hatimaye wakaangukia kwa mama mmoja mtafiti wa sokwe, na kumbe mama huyo alikuwa akiwatumikisha sokwe wake kuchimba almasi.

Watazamaji wa Marekani walicheka na kulala. Lakini mtu wa Mwanza akikitazama kipindi kile anaona waandishi walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyojua. Almasi ipo Mwadui, Shinyanga, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka hapa. Sokwe nao wapo ziwani. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt lilileta sokwe 17 waliokuwa wakiishi kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, likawaachia kisiwani Rubondo wajifunze upya kutafuta matunda na kujenga viota. Wazao wao wanaishi kisiwani hadi leo. Hakuna mwandishi wa vichekesho aliyethubutu kubuni kisa cha namna hiyo.

Familia ya Simpson ina upande wake wa karatasi. Matt Groening aliwachora watu hawa kwanza kwa ajili ya vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman mwaka 1987, na tarehe 17 Desemba 1989 wakapewa kipindi chao wenyewe. Mwaka 1993 Groening, akiwa na Bill Morrison pamoja na Steve na Cindy Vance, alianzisha kampuni ya kuchapa majarida ya katuni ya familia hiyohiyo. Kampuni iliitwa Bongo, kwa jina la sungura wa sikio moja ambaye Groening alikuwa akimchora tangu zamani. Dar es Salaam yetu, ambayo nayo tunaiita Bongo, haimo katika kisa hicho. Jarida kuu, Simpsons Comics, lilitoka hadi mwaka 2018, likafikisha matoleo 245. Jalada la toleo la kwanza lilitania jalada la kwanza la Fantastic Four. Bart alipata jarida lake. Hata Radioactive Man, shujaa ambaye ndani ya kipindi ni mhusika wa majarida anayoyasoma Bart, alitolewa kwenye runinga akachapwa jarida la kweli, ukalishika mkononi.

Huko, basi, televisheni ndiyo iliyozaa karatasi. Watu walimpenda Homer sebuleni kwao, kisha wakaenda kumnunua dukani. Kwetu kandokando ya Ziwa mambo yalikwenda kinyume kabisa, na naamini kinyume hicho ndicho kilichoifanya katuni ya Kiswahili iwe kama ilivyo.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi, lakini upande wa Bara serikali iliihesabu televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini inaweza kuishi bila ya kuwa nayo. Mtoto aliyezaliwa Kirumba mwaka 1975 alitimiza miaka 19 ndipo kituo cha kwanza cha Bara kikaanza kurusha matangazo. Miaka yote hiyo, kama alitaka kuona watu waliochorwa wakigombana, wakipatana, wakidanganya wake zao na kuumbuliwa na watoto wao, alikuwa na karatasi tu.

Na karatasi ilikuwa ya kusafirishwa kwanza. Reli iliingia Mwanza mwaka 1928. Ukitoka Dar es Salaam hadi kituo cha Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Morogoro, Dodoma, Tabora na Shinyanga. Gazeti la habari likisafiri umbali huo kwa treni linafika limeshachacha, maana waziri aliyetajwa ukurasa wa mbele huenda amekwisha kubadilishwa wizara. Katuni haina shida hiyo. Mume mlevi anayerudi nyumbani na visingizio anachekesha Jumatatu kama Ijumaa, na anachekesha Geita kama Kariakoo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyofanya katuni ishike mizizi mbali na pwani, na haihusiani hata kidogo na ufundi wa wachoraji.

Mbegu yenyewe ilipandwa wakati wa ukoloni. Mambo Leo, jarida la Kiswahili la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, liliwazoesha watu kusoma Kiswahili cha kuchapwa hata vijijini. Katika miaka ya 1950 picha zenye maneno zikaanza kuonekana kwenye magazeti ya Afrika Mashariki, baadhi yake zikiwa matangazo ya biashara tu, kama yale ya majarini ya Blue Band. Kenya ilitangulia kumpata mhusika wa kudumu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mtu wa nyumbani kwake, mwenye bahati mbaya na akili ya mkato, na Juha akaishi katika Taifa Leo kwa miongo mingi, msomaji akizeeka na yeye hazeeki. Ukitafuta Homer wa Afrika Mashariki aliyemtangulia Homer, ni huyo.

Enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ziwa lilikuwa barabara moja. Meli za shirika la reli la pamoja ziliunganisha Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na kilichochapwa Nairobi hakikukosa njia ya kufika Mwanza, rasmi au mfukoni mwa abiria. Nairobi wakati huo ilikuwa na mengi ya kutoa. Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, alikuwa akisomwa Afrika nzima. Yeye hakuchorwa, alipigwa picha mojamoja huku maneno yakiwa kwenye mapovu. Kuanzia mwaka 1973 kulikuwa na jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst. James Tumusiime, Mganda aliyekuwa uhamishoni, alimchora Bogi Benda kwenye Daily Nation.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Wanahistoria wa uchumi wameandika sana juu ya mabehewa, ndege na meli zilizogawanywa. Katuni hawaitaji. Lakini msomaji wa Mwanza aliyezoea macho yake kuchekeshwa alibaki na gazeti la chama na la serikali. Uhuru, gazeti la chama, lilikuwa na hazina yake, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Christian Gregory alikuwa akimchora humo Chakubanga, na Chakubanga peke yake aliwafanya watu wengi walifungue gazeti kuanzia ndani. Hata hivyo fremu chache kwa siku hazimshibishi mtu mwenye njaa ya hadithi.

Pengo lilikuwa wazi, na Watanzania walikwisha jaribu kulijaza. Faraji Katalambula, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliifuata njia ya Spearman akatoa Film Tanzania, hadithi za mapenzi na visa vya mjini zilizosimuliwa kwa picha za kupigwa, waigizaji wakiwa watu unaoweza kukutana nao kituo cha basi. Kisha likaja jarida lililozidi yote. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliunganisha mwanzo wa majina yao, Sa na Ni, wakapata Sani.

Kufikia miaka ya 1980 Sani lilikuwa limelishika soko. Wahusika wake hawakuwa familia ya damu moja kama akina Simpson, ila walikuwa mtaa mmoja, na kwetu mtaa ni familia iliyopanuka. Kulikuwa na Lodi Lofa, mtu asiye na kazi wala haya ya kutokuwa nayo. Ndumilakuwili alikuwa na midomo miwili kama nyoka wa jina lake, akikupatanisha asubuhi na kukugombanisha jioni. Kipepe naye alikuwa na mikasa isiyoisha, na Madenge alikuwa mtoto mtundu kuliko ulimwengu unavyoruhusu. Sokomoko jina lake linajieleza. Na kulikuwa na Pimbi, kijitu kifupi chenye mambo makubwa. Hilo nalo halikuhitaji kuelezwa Mwanza, mji ambao pimbi wa kweli wanaota jua juu ya mawe nyuma ya nyumba za watu.

Mchoraji aliyewapa uhai Kipepe, Ndumilakuwili na Lodi Lofa alikuwa Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, kabla hajatimiza miaka 30. Wino wake ulikuwa mwepesi na wenye mwendo. Mtu wake akikimbia unaona amekimbia kweli. Mtafiti Jigal Beez ameonyesha jinsi Komredi Kipepe alivyofuata nyayo za Asterix, yule Mgauli wa katuni za Ufaransa, kwa hiyo hakuna haja ya kudai kwamba Sani lilizuka ardhini bila mbegu ya nje. Ndunguru alisoma vya wenzake, akachukua alichokitaka, akakivalisha kaptura ya Dar es Salaam. Baada ya kifo chake wachoraji wengine waliwashika mkono wahusika wake wakaendelea nao. Jambo hilo Bongo ya Groening ililifanya kwa mikataba, studio na wanasheria. Sani lililifanya kwa sababu wasomaji hawakukubali Lodi Lofa naye afe.

Ndani ya kurasa zake ucheshi haukuwa wa kistaarabu. Kipigo kilikuwa kipigo, deni lilikuwa deni, na mke alipomfumania mumewe sufuria iliruka. Kosa kubwa la jarida lile ni wanawake wake: wengi walichorwa umbo kwanza, na akili ikabaki kwenye kalamu. Ukiwaweka mbele ya Marge au Lisa Simpson unaona tulichokosa, mwanamke ambaye utani unapitia kichwani mwake na haumalizikii mwilini mwake. Tusilifunike hilo kwa kumbukumbu tamu.

Usambazaji wenyewe ulikuwa tamasha. Muuza magazeti alitundika majarida kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mengine akayapanga chini na kuyawekea mawe yasipeperushwe na upepo wa ziwani. Mbele yake walisimama watu wengi kuliko wanunuzi, mikono nyuma, shingo zimeinama, wakisoma majalada bure hadi afukuze. Aliyenunua hakununua peke yake. Jarida lilisomwa na mwenyewe, likaazimwa na jirani, likapita bweni zima la sekondari, likarudi bila jalada. Kwenye MV Victoria, meli ya usiku kwenda Bukoba kupitia Kemondo, abiria wa daraja la tatu walilala katikati ya mikungu ya ndizi na magunia, na nakala moja ya jarida ilitosha kundi zima kwa sababu aliyejua kusoma vizuri alisoma kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mhusika, na wengine wakanyoosha shingo kuona picha. Ukitaka kujua televisheni ya Kanda ya Ziwa kabla ya 1994 ilifananaje, ni hiyo.

Wala watu hawa hawakuwa wageni wa kejeli. Usukumani, tangu karne ya 19, makundi mawili ya ngoma ya Bagika na Bagalu yameshindana kuvuta umati, kila moja likibuni vituko, vikaragosi na maneno ya kulifanya jingine liaibike, na mashindano ya Bulabo pale Bujora yanaendelea hadi sasa. Katuni ilipofika ilikuta hadhira iliyokwisha iva.

Mwaka 1994 televisheni ilikuja, na ITV ya Reginald Mengi ikawa miongoni mwa za mwanzo. Mwanza haikubaki nyuma: kampuni ya Sahara ya Anthony Diallo, yenye makao hapa, ilianzisha Radio Free Africa na kisha Star TV, na kwa mara ya kwanza picha zilianza kusafiri kutoka ziwani kwenda pwani. Vibanda vya video navyo vikaenea, ambamo filamu za nje zilifasiriwa papo hapo na mtu mwenye kipaza sauti, mtindo uliositawi sana kwa jirani zetu wa Uganda. Mfasiri yule alikuwa ndugu wa yule msomaji wa melini. Alibadilisha sauti, akaongeza chumvi, akamgeuza askari wa Hong Kong akawa mtu wa mtaani kwetu.

Televisheni haikuliua Sani siku moja. Soko huria la magazeti lilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Miaka ya 1990 yalimwagika magazeti na majarida ya kila namna, na mwishoni mwa muongo yakaja ya udaku, yakiwemo ya Global Publishers ya Eric Shigongo, mwana wa Buchosa, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ambaye baadaye, mwaka 2020, alichaguliwa kuwa mbunge wa huko. Magazeti hayo yalikuwa na hadithi za mfululizo, picha za watu maarufu, na katuni kama kitoweo. Kwa nini umfuate Ndumilakuwili wa kubuni wakati ukurasa wa mbele una wa kweli, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa? Wachoraji wengi walihamia magazeti ya kila siku. Huko Ali Masoud alimkuza panya wake hadi mchoraji mwenyewe akaitwa Kipanya.

Na karatasi ikaanza kuzaa televisheni. Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969, aliacha masomo ya usanifu majengo akaenda Nairobi kujiunga na Nation mwaka 1992. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha katuni cha Abunuwasi kwa Kiswahili, na mwaka 2009 akaanzisha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira vya wanasiasa, akiiga Les Guignols ya Ufaransa. Sura alizokuwa akizichora kila asubuhi ziliinuka, zikasema, zikapunga mikono. Mwaka uliofuata Kenya ikapata Shujaaz, jarida la katuni la kugawiwa bure, likisindikizwa na redio, likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Baadaye lilivuka mpaka likampa Tanzania kijana wake, DJ Tee.

Katuni za runinga za kwetu wenyewe, zenye nguvu ya kufika kila mkoa, zilianza Januari 2014. Kikundi cha vijana Dar es Salaam kilirusha Ubongo Kids kupitia TBC: Kibena, Kiduchu, Koba, Amani na Baraka wakifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Akafuata Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na familia yake, na akilala anaingia nchi ya ndoto. Ndipo vitabu vya wahusika hao vilipofuata kipindi, kwa mpangilio uleule wa akina Simpson, zaidi ya miaka 20 baada ya Groening. Ni kazi nzuri, na watoto wa Igoma na Nyegezi wanaziimba nyimbo hizo bila kufundishwa. Lakini ni shule. Wazazi wa Akili hawagombani juu ya kodi ya nyumba. Vichekesho vya nyumba ya watu wazima, vyenye baba mvivu na mama aliyechoka na mtoto anayewaumbua, bado tunavidai kwa skrini zetu, ilhali vilikuwepo kwenye karatasi ya bei rahisi miaka 40 iliyopita.

MV Victoria ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarejea ziwani mwaka 2020. Abiria wa daraja la tatu sasa wanatazama simu, kila mmoja yake, vipokea sauti masikioni.

Matoleo 245 ya Simpsons Comics yanaweza kuhesabiwa na kununuliwa yote na mtu mwenye fedha na subira. Ya Sani yameishia kwa kiasi kikubwa kwenye mikono ya wauza karanga, yakikunjwa kuwa pakiti. Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe, Musoma au Bukoba: kama juu ya kabati la wazee au ndani ya sanduku la bati kuna nakala za zamani za Sani, Film Tanzania au jarida lolote la katuni la miaka ile, hata lisilo na jalada, usiliuze kwa kilo. Lipige picha kurasa zote, andika tarehe kama ipo, kisha lipeleke maktaba ya mkoa.